Ras Mkumbi: Subira ya Mtu na Wajibu wa Jamaa katika Historia ya Mafia

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, mwenye kusafiri kutoka Kilindoni kuelekea kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia, akipita minazi na mikorosho ya Kanga na kufika Bweni, huishia Ras Mkumbi. Hapo ndipo kisiwa kinapokatika. Upande wa mashariki ni bahari kuu isiyo na mwisho wa macho, na upande wa magharibi ni mlango wa bahari unaotenganisha Mafia na mdomo wa Mto Rufiji. Juu ya mawe ya rasi hiyo umesimama mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, miaka miwili tu baada ya kisiwa kuingia mikononi mwao kwa mapatano ya mwaka 1890 kati yao na Waingereza.

Mnara haujengwi mahali pasipo na hatari. Kuwepo kwake pale ni ushahidi kwamba miamba ya rasi ile ilikuwa ikiogopwa na manahodha. Lakini kabla ya taa ya Wajerumani, na baada yake, watu wa Mafia walikuwa na njia yao ya kuvuka shida, na njia hiyo ndiyo tunayokusudia kuizungumza katika makala haya. Tumezoea kusikia visa vya subira vikisimuliwa kana kwamba subira ni kazi ya mtu mmoja: fulani alipatwa na msiba, akavumilia, Mwenyezi Mungu akamfariji. Hayo ni kweli, wala hatuyakanushi. Hata hivyo, tukiifungua historia ya kisiwa hiki pamoja na vitabu vya fiqhi vilivyosomwa katika pwani yetu, tunakuta kwamba subira ya mmoja ina haki juu ya wengine, na kwamba sharia imeziandika haki hizo moja baada ya moja.

Mji uliokuwa na misikiti

Tuanze na msiba mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu za Mafia. Katika Kisiwa cha Juani, kusini mashariki mwa kisiwa kikubwa, yapo magofu ya mji wa Kua. Kuta za nyumba za mawe, makaburi na misikiti kadhaa bado vimesimama kati ya mibuyu na vichaka. Mji huo ulistawi hasa katika karne ya 18. Kisha, kadiri ya mwaka 1829, Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliuvamia kwa mitumbwi yao, wakaua na wakachukua mateka wengi. Kua haikuinuka tena. Makao ya utawala yakawa kisiwa kidogo cha Chole kilicho jirani, mahali palipoitwa Chole Mjini, mpaka Wajerumani walipoyahamishia Kilindoni mwaka 1913.

Hiyo ndiyo tarehe. Lakini wenyeji wanacho kisa kingine wanachokitanguliza, nacho ni cha uadui baina ya Kua na mji wa Kisimani uliokuwa kwenye rasi ya magharibi. Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini, na siku hiyo wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza chini, jahazi likapitishwa juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, hata wakadhaniwa wamesahau, ndipo nao walipowaalika watu wa Kisimani kwenye harusi. Wageni wakaingizwa katika chumba cha chini kwa chini. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja kwa udhuru, na mlango ukajengwa kwa mawe.

Hatudai kwamba kisa hiki kilitokea kama kinavyosimuliwa. Mwanahistoria atakihesabu kuwa ni masimulizi, nasi tunakubali. Linalotushughulisha ni kwamba watu wa Mafia wameamua kukihifadhi. Kisimani imeliwa na bahari, Kua imeangushwa na wavamizi, na mwenye kusimulia angeweza kusema bahari na Wasakalava, akanyamaza. Yeye anaongeza: kabla ya hayo, sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuangamizana. Tazama pia namna subira inavyoonekana katika kisa hicho. Watu wa Kua walivumilia miaka mingi bila kusema neno, na uvumilivu wao ulikuwa ni kuficha kisasi. Si kila kunyamaza ni subira.

Waliofikishwa kisiwani kwa nguvu

Baada ya Kua, Mafia iliingia katika zama za mashamba ya minazi. Wenye mali, wengi wao Waarabu wa Oman na watu wa pwani, walikaa Chole Mjini, na kisiwa kikubwa kikaitwa Chole Shamba. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Hapa lazima tuseme bila kuuma maneno: wenye mashamba walikuwa Waislamu, na aghalabu ya waliolimishwa nao walisilimu, wakasali kibla kimoja na waliowamiliki. Historia ya dhiki katika pwani yetu haikamiliki kama tutataja misiba iliyotupata na kuificha misiba tuliyoisababisha. Utumwa ulifutwa kwa sheria Zanzibar mwaka 1897, na katika Tanganyika, ambayo Mafia ilikuwa imeunganishwa nayo, mwaka 1922.

Waliokuwa watumwa walihitaji kitu zaidi ya karatasi ya uhuru. Walihitaji ukoo, mwalimu, mahali safuni, na watu wa kuwazika. Katika pwani ya miaka ile wengi waliyapata hayo katika madrasa na katika twariqa, hasa Qadiriyya, iliyoenezwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 na masheikh kama Uwesu bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko ng'ambo, katika mji wa Bagamoyo, ambao majahazi ya visiwani yalikuwa yakiuendea. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, alifikishwa pwani akiwa mtoto kutoka nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Akaingia akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki. Akasomeshwa dini, akafanya biashara, akajitahidi katika elimu mpaka akawa khalifa wa Qadiriyya na mwalimu ambaye wanafunzi walimjia kutoka mbali. Alipofariki mwaka 1931, mtoto aliyeletwa bila ya jamaa aliacha nyuma yake jamaa kubwa ya kielimu.

Wapo katika zama hizo walioona uzito kusali nyuma ya mtu mwenye asili ya utumwa. Sharia haikuwa pamoja nao. Imepokewa kwamba Dhakwan, mtumwa wa Bibi Aisha (R.A.), alikuwa akimsalisha, na fiqhi ya Imamu Shafii inausahihisha uimamu wa mtumwa. Kwa hiyo Sheikh Ramiya hakupewa fadhila na jamii. Alipewa haki ambayo vitabu vilikuwa vimeiandika karne nyingi kabla yake, na ambayo watu walichelewa kuitekeleza.

Aliyekwenda baharini asirudi

Turudi sasa kwenye rasi yetu. Msiba wa kawaida wa kisiwa hauandikwi katika vitabu vya tarehe. Ni ngalawa iliyotoka alfajiri isionekane magharibi. Maiti haikupatikana, wala habari haikuja. Nyumbani yupo mke ambaye hajui kama ni mke au mjane, na wapo watoto ambao hawajui kama ni yatima.

Wanavyuoni humwita mtu huyo mafqudi, na mas-ala yake ni miongoni mwa mazito. Kwanza ni swala yake. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), kitabu kilichokuwa tegemeo la wanafunzi wa Kishafii wa pwani yetu, hukumu ni kwamba mtu akifa kwa kuporomokewa na mfano wa hayo, ikashindikana kumtoa na kumwosha, basi hasaliwi, kwa sababu kuoshwa ni sharti ya swala ya jeneza. Wanavyuoni wa baadaye wa madhhabu hayo hayo, akiwemo al-Adhra'i, waliona asaliwe, kwani lisilowezekana haliliondoi linalowezekana, na makusudio ya swala hiyo ni dua na kumwombea maiti. Watu wa visiwani wanaelewa uzito wa hitilafu hii kuliko wa mahali pengine. Kwao ni suala la ndugu aliyeagwa na ndugu asiyeagwa. Na katika hadithi zilizo sahihi, Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyekufa maji kuwa miongoni mwa mashahidi wa akhera, na hilo peke yake ni faraja kubwa.

Pili ni mkewe. Kauli mpya ya Imamu Shafii ni kwamba hana ruhusa ya kuolewa mpaka ipatikane yakini ya kifo cha mumewe au ya talaka. Kauli ya kale inafuata hukumu iliyopokewa kwa Sayyidna Umar (R.A.), kwamba angoje miaka minne, kisha akae edda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo anaweza kuolewa. Baadhi ya wanavyuoni wa baadaye wameruhusu kadhi kuifasakhi ndoa pale nafaka inapokosekana katika mali ya mume asiyekuwepo.

Suala hili halijawa la zamani. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, na MV Skagit ilipozama karibu na Kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, wengi hawakuonekana tena. Familia zao zilibaki na maswali hayo hayo ya swala, edda na mirathi, yaliyowasumbua wake wa wavuvi tangu enzi za Kua.

Ndugu msomaji, tuangalie sasa ni nani anayebeba mzigo katika hukumu hizi. Tukimwambia mwanamke angoje, iwe miaka minne au mpaka yakini, tumemtwika subira iliyowekwa na sharia. Je, atakula nini akingoja? Jawabu limo katika kitabu hicho hicho cha Minhaj, lakini haliko kwenye mlango wa ndoa. Liko katika mlango wa jihadi, pale Imamu Nawawi anapozitaja fardhi za kutosheleza. Humo, pamoja na kusimamisha hoja za dini na elimu za sharia, ametaja kuwaondolea Waislamu madhara: kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, pale zaka na Baitulmali zisipofika.

Maana ya fardhi ya kutosheleza inajulikana: wakiifanya baadhi, wengine wamesalimika, na wasipoifanya wote, wote wanaoweza wana madhambi. Basi kijiji kinachomsifu mke wa mafqudi kwa subira yake, na hakuna aliyempelekea unga, kijiji hicho kizima kimo katika dhambi, na sifa zake hazimfai kitu mwenye njaa. Mwenyezi Mungu, katika aya ya 155 hadi ya 157 za Suratul Baqara, ametutajia kwamba tutajaribiwa kwa hofu, njaa, na upungufu wa mali, nafsi na matunda, na akawabashiria wenye kusubiri. Waliotahiniwa hapo si mwenye njaa peke yake. Aliye na pishi ya mchele ndani naye yumo katika mtihani.

Chungu cha jirani

Ipo sunna nyingine iliyo ndogo machoni na kubwa katika vitendo. Habari za kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib (R.A.) katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, zilipofika Madina, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwani lilikuwa limewajia la kuwashughulisha. Kwa hadithi hiyo wanavyuoni wetu wameandika kwamba ni sunna kwa majirani kuwatayarishia wafiwa chakula cha kuwashibisha mchana na usiku wao, na wakalichukia kinyume chake, yaani wafiwa kuwapikia watu.

Hili tunalisema kwa uchungu, kwa kuwa katika sehemu nyingi za pwani tumeligeuza. Mjane anauza mnazi au kukopa dukani ili alishe umati wa matanga, na wageni wanarudi kwao wamebarikiwa, yeye akibaki na deni. Lakini desturi zetu si mbaya zote. Zipo jamaa ambazo kila nyumba huja na kibaba chake, huyu na nazi, huyu na samaki, huyu na kuni, na wanawake hukusanyika kupika uani kwa jirani. Msiba ukiendeshwa hivyo, matanga yamerudi kwenye asili yake. Hatuhitaji kuyaua matanga. Tunahitaji kukihamisha chungu, kitoke jikoni kwa mfiwa kiende jikoni kwa jirani.

Watu wa kaskazini mwa Mafia wana msingi mzuri wa jambo hili. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1965, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 jinsi mtu wa vijiji vile anavyohesabu ukoo wake kwa baba na kwa mama, na hivyo kuwa na madai katika ardhi ya koo zaidi ya mmoja. Katika kitabu kingine cha mwaka 1997 aliyakusanya maisha ya mwanakijiji mmoja na watu wa nyumba yake, pamoja na kulima, kuoa, kuuguliwa na kufiwa. Mtu mwenye ndugu wa pande zote hakosi mlango wa kubisha, na mwanamke aliyepotelewa na mume anapo pa kurudi na pa kulima.

Tungo zilizobebwa na midomo

Hatuwezi kuzungumzia faraja katika pwani hii tukaacha tungo. Kasida ya Burda, inayosomwa katika hadhara nyingi, inahusishwa na kisa cha mtunzi wake, Imamu al-Busiri wa Misri wa karne ya 13, kwamba alipooza nusu ya mwili, akaitunga kumsifu Mtume (S.A.W.), kisha akamwona usingizini akimfunika kwa joho lake, akaamka mzima. Huku kwetu, Mwana Kupona aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake wasia. Na Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner katika miaka ya 1920, ulikuwa ukifundisha subira ya Nabii Ayubu (A.S.) kwa Kiswahili kabla ya hapo.

Katika kisa cha Nabii Ayubu, mapokezi mashuhuri yanamtaja mkewe, aliyemhudumia watu walipomkimbia na akafanya kazi za watu ili amlishe. Hata Nabii ambaye jina lake limekuwa mfano wa subira alikuwa na mtu wa kumletea chakula. Na tungo hizi zenyewe hazisomwi na mtu mmoja gizani. Husomwa katika duara, mmoja akitoa na wengine wakipokea. Mwenye huzuni akikatikiwa na sauti, wenzake huendelea mpaka aipate tena.

Upepo ulioitwa Hidaya

Dhoruba si ngeni katika bahari hii. Aprili 1872 kimbunga kiliivunja Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, na Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 zamu ilikuwa ya Mafia: kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika kisiwani, baada ya wiki za mvua na mafuriko ya Rufiji ng'ambo. Safari hii habari zilitangulia upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza, na safari za meli kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa.

Wapo wanaodhani kusikiliza tahadhari ni upungufu wa kutawakali. Hao na wakumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Nahodha anayeiangalia taa ya Ras Mkumbi hajamshirikisha Mola wake na taa. Na mwenye kuisikia habari ya kimbunga ana wajibu wa kumfikishia jirani asiye na redio, kwani kuondoa madhara, kama tulivyoona, ni fardhi ya wote.

Hitimisho

Kutokana na hayo yaliyotangulia, tunawausia ndugu zetu mambo matatu. Kila msikiti wa pwani uwe na orodha ya wake na watoto wa waliopotea baharini, ijulikane nani anawalisha. Masheikh wawaeleze wanawake hao haki zao mbele ya kadhi, wasiachwe wakingoja kwa kutojua. Na chungu cha msiba kipikwe kwa jirani. Nasi tunamaliza kwa beti chache tulizozitunga wenyewe:

Bahari ikichafuka,
Na wingu likifunika,
Mola ndiye wa kushika,
Na kamba tuivuteni.

Subira si kutulia,
Kuketi na kusinzia,
Jirani akiumia,
Twende wote mlangoni.

Mjane mwenye yatima,
Asiachwe kusimama,
Peke yake akihema,
Akitazama majini.

Kua mawe yamebaki,
Wenyewe hawaamki,
Bila udugu wa haki,
Mji hauna amani.

Ya Rabbi tupe hidaya,
Utulinde na mabaya,
Na nyoyo ziwe na haya,
Tuwe wamoja dhikini.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama na kaburi zao hazijulikani, awape makimbilio waliobaki, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaousiana haki na kuusiana subira. Amin.